Ng'ombe wa Kaya Namba Ishirini na Saba

Antoni hakuwa mtu wa kuogopa fisi wala mwizi, lakini mtu mwenye kalamu alimnyima usingizi. Wazazi wake waliandikwa mpakani walipoingia kutoka Burundi, wakaandikwa kwenye makazi ya wakimbizi, na yeye mwenyewe akaja kuandikwa walipoomba uraia, akaandikwa walipoambiwa watahamishwa, akaandikwa tena walipoambiwa hawahamishwi. Uraia waliupata, hilo hakuna anayelikataa. Ila kwa hesabu zake Antoni, kila daftari lilipofungwa kulikuwa na kitu kimepungua nyumbani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kwa hiyo Jumamosi ile, Gaspar, mwenyekiti wa kitongoji, alipopiga hodi pale kijijini Kakese wakati familia inakula ugali kwa maharage, Antoni alimtazama mikono kwanza kabla ya kumtazama uso.

"Jumatatu mtapata mgeni," Gaspar alisema. "Mtafiti. Daktari wa uchumi kutoka chuo kikuu. Kompyuta imechagua kaya thelathini hapa kwetu, nyie ni ya ishirini na saba."

"Imetuchaguaje?"

"Bahati nasibu."

"Mimi bahati nasibu sijawahi kushinda hata soda, leo nishinde daktari?"

Gaspar alicheka. "Halafu si mgeni sana. Ni Épiphanie, binti wa marehemu mzee Ladislas wa kule makazini. Amesoma Dar, akaenda kumalizia Ulaya. Mnamkumbuka?"

Bibi Spès, mama yake Antoni, aliinua uso kwenye sahani, macho yakamng'aa. Antoni yeye alirudisha tonge kwenye sahani.

Walimkumbuka sana. Miaka ishirini na minane iliyopita Bibi Spès alipofiwa na mume, akabaki na watoto watatu na jembe moja, Ladislas alikuja na mtamba mwekundu amemfunga kamba, akamkabidhi. Alimgabia, kama wasemavyo watu wa kwao. Ng'ombe wa namna hiyo halipiwi. Unampokea kwa mikono miwili, ukiulizwa alikotoka unamtaja aliyekupa, na akishazaa vizuri, siku moja unamrudishia mtoaji ndama jike mmoja ili undugu uendelee. Ladislas hakuwahi kuuliza. Ndama aliyekusudiwa kurudishwa, Antoni alimuuza akanunua mabati. Mama yake alilia siku mbili. "Nitamrudishia mwingine," Antoni alisema, na kabla hajapatikana mwingine, Ladislas akafa.

Sasa zizini alikuwepo Gaju, mjukuu wa yule mtamba, mwekundu vilevile, mimba yake mwezi wa mwisho. Maziwa yalikuwa yamekauka, na nyumba nzima ilikuwa ikimsubiri azae ili Klementina, mke wa Antoni, arudi kuuza maziwa mjini, Makanyagio. Binti yao Marsela alikuwa mwaka wa kwanza chuo cha uuguzi. Hapakuwa na kitu kingine ndani ya nyumba ile ambacho kingemfikisha mwaka wa pili.

"Amekuja kudai ndama wa baba yake," Antoni alisema Gaspar alipoondoka.

"Asome miaka yote hiyo, avuke bahari, halafu aje kuuliza habari za ndama?" Klementina alishangaa.

"Wewe unadhani amesomea nini? Uchumi! Mchumi ni mtu wa kujua mali iko wapi. Na akikuta ndama hayupo, atamchukua Gaju."

"Ng'ombe wa kugabiwa hafichwi," Bibi Spès alisema. Alikuwa ameshajua mwanawe anawaza nini.

"Mama, hafichwi. Anaenda kutembea tu."

Jioni hiyohiyo Antoni alipanda baiskeli akapita nyumba tano alizozijua, zote zilizopata ng'ombe kwa Ladislas. Alianzia kwa Jean-Marie, fundi wa matofali. Kila nyumba aliacha maneno yaleyale: anakuja, anadai, semeni hamjawahi kuwa na ng'ombe. Jumapili, wenzake walipokuwa misani, alimswaga Gaju polepole hadi kijiji cha Magamba kwa Dionizi, rafiki yake wa siku nyingi aliyekuwa akiuza naye mahindi.

"Nitunzie wiki mbili tatu," alimwambia. "Kuna watu wanahesabu."

"Rafiki yangu, huyu akikaa kwangu amekaa kwako," Dionizi alijibu, akampokea kamba.

*

Mtafiti alikuja kwa bodaboda, amejifunga kitenge cha kawaida, viatu vimejaa vumbi. Alimwinamia Bibi Spès, akamshika mikono yote miwili, akamwamkia kwa Kirundi cha wazee, chenye kuuliza habari za watoto, za shamba na za mifugo. Antoni aliisikia hiyo mifugo. Hata salamu yake ina hila, akawaza.

Walikaa kwenye mkeka kivulini mwa nyumba. Épiphanie alimwomba Gaspar asogee mbali, kwa kuwa mahojiano ni ya siri, na Gaspar akaenda kusimama kwenye ua wa mihogo, akijifanya anatazama majani.

"Kwanza niwaambie ukweli," Épiphanie alianza, kishikwambi mapajani. "Kwenye utafiti huu hakuna mtakachopewa, na hakuna mtakachonyang'anywa. Mnaweza kukataa swali lolote."

"Mtu asiyetoa wala asiyechukua, nauli yake analipa nani?" Antoni aliuliza.

"Chuo, kaka. Nachunguza jambo moja. Zamani mtu akianguka, majirani walimwinua. Siku hizi kaya maskini zinapata ruzuku ya serikali. Nataka kujua, serikali ikianza kumsaidia mtu, majirani wanaendelea kumsaidia au wanaiachia serikali?"

Swali lilikuwa zuri, na Antoni akaliogopa zaidi kwa uzuri wake. Mtego wa panya hauwekwi mavi, huwekwa dagaa. Klementina naye alijibu kwa tahadhari: ekari mbili, nyingine ya kukodi, kuku wanne, ingawa watano walikuwa wanapita mbele yao, chumvi, sabuni, matibabu. Épiphanie alibonyeza, akabonyeza.

"Mna ng'ombe?"

"Hatuna," Antoni alisema.

"Mmewahi kuwa naye?"

"Hatujawahi."

Épiphanie aliinua macho. Mbele yake palikuwa na zizi, mavi yake bado mabichi, na kwenye nguzo ilining'inia kamba yenye manyoya mekundu. Aliangalia tu, na kuangalia kule kulimchoma Antoni kuliko swali.

"Ahaa, huyo!" alisema. "Huyo si wetu. Ni wa mtu wa Magamba, anaitwa Dionizi. Mimi nilikuwa namchungia tu. Mwenyewe amekuja kumchukua." Na ili mambo yawe na shahidi, alipaza sauti hadi kwenye mihogo: "Sisi nyumba hii hatujawahi kuwa na ng'ombe!"

Gaspar kule aligeuka, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia tangazo.

"Sawa," Épiphanie alisema taratibu. "Basi swali linalofuata limejiruka lenyewe."

"Swali gani?"

"La kuuliza mlimpataje. Asiye na ng'ombe haulizwi." Akamgeukia mama mtu mzima. "Bibi, una la kuongeza?"

Bibi Spès alitazama mikono yake mwenyewe. Aliona aibu, aibu ya kumkana marehemu Ladislas mbele ya binti yake. "Hapa msemaji ni mwanangu," alisema mwishowe.

Épiphanie aliandika sifuri. Alipoaga, Kirundi chake kilikuwa kimekwisha, aliaga kwa Kiswahili.

*

Wiki ya tatu Antoni alikwenda Magamba na kamba mpya. Alimkuta Gaju amezaa. Ndama jike, mwekundu, amesimama kwa miguu minne inayotetemeka, anasukuma kiwele cha mama yake. Antoni alifurahi mpaka akacheka peke yake. Alishaona debe la maziwa kwenye baiskeli, alishamwona Marsela na gauni jeupe.

Dionizi alitoka ndani anajifuta mdomo. "Karibu rafiki yangu. Umekuja kumwangalia ng'ombe wangu?"

Antoni alicheka tena. "Nimekuja kumchukua. Asante sana kwa kumtunza."

"Kumchukua nani?"

"Dionizi, acha utani."

"Utani uko wapi? Nimekutana na Gaspar gulioni. Ananipongeza, eti nimerudisha ng'ombe wangu niliyekuwa nimekupa umchunge. Mimi nikashangaa. Nikamuuliza, nani kasema? Akasema, Antoni mwenyewe, mbele ya daktari, tena kwa sauti kubwa." Dionizi aliketi kwenye kigoda. "Mimi ni nani nikubishie?"

"Unajua kabisa huyu ni wangu!"

"Najua uliyoyasema. Au ulimdanganya daktari wa serikali?"

Wake wawili wa jirani waliokuwa wakitwanga waliacha mitwangio hewani. Antoni alisimama na kamba yake mkononi kama mtu aliyekuja kuteka maji akakuta kisima kimefungwa kufuli. Alitukana, akaomba, akatukana tena. Mwishowe alisukuma baiskeli kwa miguu mpaka Kakese, hakuwa na nguvu ya kuipanda.

*

Kwa Gaspar hakupata unafuu. Ofisi ilikuwa na watu, na Gaspar hakuwa mtu wa kupunguza sauti.

"Antoni, mimi nilisikia kwa masikio haya. 'Hatujawahi kuwa na ng'ombe.' Sasa unataka nikamnyang'anye Dionizi ng'ombe ambaye wewe mwenyewe ulimpa?"

Mtu mmoja benchini alikohoa kuficha kicheko. Mwingine hakujisumbua kuficha.

"Majirani zangu wote wamemwona Gaju kwangu, miaka yote."

"Wamemwona, ndiyo. Na mimi nimemwona. Lakini kuchunga si kumiliki, nusu ya ng'ombe wa hapa ni wa watu wa mjini. Lete shahidi anayejua ukoo wa ng'ombe huyo, alitoka wapi mpaka akafika kwako. Nitawaita wote wawili Alhamisi."

Nyumbani Klementina alilia waziwazi. Alikuwa amekwisha kuwaahidi wateja wake watatu. "Mdomo umeponza kichwa," alisema, "tena si kichwa chako peke yako. Marsela nimwambie nini?"

Bibi Spès alikuwa anachambua maharage. Hakuacha. "Shahidi yupo," alisema. "Analala nyumba ya wageni Makanyagio. Nenda kamwombe."

"Mama, siwezi. Nitamtazama vipi?"

"Kama alivyotutazama yeye."

*

Alikwenda. Dada wa mapokezi alimtazama gambuti zake zenye tope, akamwambia asubiri nje, na nje alisubiri karibu saa nzima, watu wakiingia na kutoka wakidhani ni mlinzi. Mmoja alimwachia pikipiki amwangalizie. Antoni aliiangalia.

Épiphanie aliporudi alimkaribisha kiti chini ya baraza, akamwagizia chai. Antoni hakuigusa. Alisema yote: mabati, baiskeli, Magamba, Dionizi. Alisema akiangalia kikombe.

"Kwa hiyo uliniogopa mimi," Épiphanie alisema.

"Nilidhani umekuja kudai."

Épiphanie alimsogezea sukari. Kisha akasema, "Uliyoniambia kwenye mahojiano siwezi kuyasema popote, hata mbele ya hakimu. Hiyo ndiyo ahadi niliyowapa." Antoni aliinuka aende. "Lakini baba yangu aliacha daftari. Hilo ni la kwetu, si la chuo. Alhamisi nitakuja."

Njiani Antoni alijaribu kufurahi, akashindwa. Mtu uliyemkana anakubalije upesi hivyo? Lazima ana lake.

*

Alhamisi Épiphanie alifika na daftari la hesabu la shule ya msingi, jalada lake limeshonwa kwa uzi. Alisimama mbele ya Gaspar, akasoma mwandiko wa baba yake bila kuongeza kitu:

"'Spès, mjane. Mtamba mwekundu, ncha ya mkia nyeupe. Nimempa kwa sababu watoto wake wanakunywa uji mkavu.'" Akafungua ukurasa mwingine. "'Nimepita kwa Spès. Mtamba amezaa jike, mwekundu, mkia mweupe kama mama yake. Wamenipa maziwa. Nyumba ina kelele za watoto tena.'"

Gaspar aliagiza ng'ombe aletwe. Gaju alikuja anazungusha mkia wake, na ncha yake ilikuwa nyeupe. Ndama nyuma yake, vilevile. Watu wakaguna.

"Haya, Dionizi," Gaspar alisema. "Wewe eleza ulimpata wapi."

Dionizi alianza kueleza mnada, mwaka ukamkataa. Akaanza upya, na muuzaji naye akakosa jina. Akacheka. "Mimi nilikuwa nampima tu rafiki yangu. Anifundishe kuficha mali, na mimi nimfundishe kuitafuta." Alidai apelekewe maziwa ya wiki mbili kwa kazi ya kukata majani, na Gaspar akampa, kwa sababu kulisha alilisha kweli. Antoni alikubali huku ameuma meno.

*

Walirudi pamoja Kakese, Gaju mbele, Épiphanie akimwongoza ndama kwa mkono shingoni. Bibi Spès alikuwa mlangoni, amevaa kitenge chake cha misa. Hakuangalia ng'ombe. Alimwendea Antoni, akamnong'oneza maneno mawili, na Antoni akajua hana pa kukimbilia. Alimshika ndama, akamsogeza mbele ya mgeni.

"Huyu ni wa kwenu. Alichelewa miaka mingi."

Épiphanie alirudi nyuma. "Kaka, siwezi. Kanuni za utafiti zinakataza. Niliyemhoji siwezi kupokea kitu kwake."

"Kanuni," Bibi Spès alisema. "Mwana wanje, mwanangu, ukikataa ndama, umekata kamba. Baba yako angekata?"

Épiphanie, msomi wa watu mwenye shahada tatu, aliutazama mkia mweupe wa ndama. Kisha akatoa kishikwambi kwenye mkoba. Alitafuta, akabonyeza, akabonyeza tena.

"Umefanya nini?" Antoni aliuliza haraka.

"Nimeifuta kaya ya ishirini na saba."

"Umetufuta? Kwenye orodha gani? Ya ruzuku? Ya uraia?"

"Kwenye utafiti wangu tu. Sasa hamjaandikwa kwangu popote." Alikirudisha kishikwambi mkobani, akaufunga mkoba. "Sasa naweza kuuliza kama mtoto wa Ladislas. Ng'ombe huyu mlimpataje?"

Ukoo mzima wa Antoni ulikuwa umejibu maswali mengi ya watu wenye kalamu. Hili lilikuwa la kwanza kuulizwa na mtu asiye nayo.

"Tuligabiwa," alisema. "Na baba yako, Ladislas. Mama alikuwa mjane, sisi tulikuwa na njaa. Bila yeye tusingekuwepo hapa."

Épiphanie alilia. Hakujificha, alilia mbele yao kama msichana wa kijijini aliyefiwa. "Nyumba sita zilizochaguliwa zimo kwenye daftari la baba," alisema alipopata sauti. "Nyie na wengine watano, siwataji. Zote sita zimesema hazijui ng'ombe. Kwenye ripoti yangu itabidi niandike kwamba huku watu hawajawahi kupeana kitu. Baba yangu anakuwa sifuri, na sifuri hiyo nitaiandika mimi."

Klementina alimtazama mumewe. Yeye ndiye aliyemwona akitoka na baiskeli jioni ile. Antoni hakuweza kumtazama mtu yeyote.

Ndama alibaki kwa Bibi Spès alelewe, lakini mwenyewe alijulikana. Épiphanie alikuwa anaondoka Jumapili.

*

Ijumaa alfajiri Antoni alikuwa kwa Jean-Marie. Alimkuta anapanga matofali kwenye tanuri, na nyuma ya nyumba, ng'ombe mweusi akicheua.

"Jean-Marie, nilikosea. Yule dada hadai."

"Hadai nini?"

"Ndama. Hadai kitu chochote. Kamwambie ukweli kabla hajaondoka."

Jean-Marie aliweka tofali chini, akapangusa mikono taratibu. "Hadai. Basi anataka nini?"

"Anataka umtaje baba yake."

"Nimtaje tu?"

"Umtaje tu."

"Bure?"

"Bure."

Jean-Marie alimtazama juu mpaka chini, akaitazama baiskeli, akalitazama lile debe la maziwa lililofungwa nyuma, jipya.

"Antoni," alisema, "amekupa shilingi ngapi?"

"Hajanipa kitu! Wallahi nakuapia, mimi Mkristo."

"Wewe ulikuja hapa mwenyewe ukaniambia tusimwamini. Leo umerejeshewa ng'ombe wako, unakuja kuniambia nimwamini." Aliokota tofali lake, akageuka kwenye tanuri, na akapaza sauti kidogo ili mtu aliyekuwa akipita njiani naye asikie. "Kamwambie sisi nyumba hii hatujawahi kuwa na ng'ombe."

Antoni alishika usukani wa baiskeli. Zilikuwa zimebaki nyumba nne, na katika kila moja alikuwa ameyaacha maneno hayohayo kwa mdomo wake mwenyewe. Akapanda, akaanza kukanyaga.